Kungwi na Viza ya Utulivuni

Nchi yenyewe ipo, ila msihangaike na ramani. Inaitwa Utulivuni, na wenyewe ni watu wakarimu kupita kiasi. Ukarimu wao ni mwingi hata wameona bora wauzungushie ukuta, seng'enge na mbwa, usije ukaibwa. Mtu wao akitaka kuja kwetu hushuka tu kwenye ndege akaonyesha uso wake, na afisa wetu akishauona huo uso hupokea begi na kumtafutia teksi. Mtu wetu akitaka kwenda kwao huanza kwa kuomba ruhusa ya kuomba.

Msiwalaumu. Jambo lao wamelieleza vizuri katika kijitabu chenye jalada la kung'aa, Mwongozo wa Mgeni Mtarajiwa, kinachogawiwa bure kwa kila aliyelipia. Humo imeandikwa kwamba mgeni sharti athibitishe kuwa anaipenda nchi yake kiasi cha kurudi, lakini asiipende kiasi cha kuililia akiwa Utulivuni, akawaharibia watu starehe. Aje na tikiti ya kurudia, ingawa anayenunua tikiti kabla ya viza anaonyesha haraka, na mwenye haraka ana lake jambo. Picha iwe bila tabasamu, ila ionyeshe wazi kwamba mhusika ni mtu mchangamfu. Asiye na mali asije, maana atakuja kuitafuta. Mwenye mali naye aeleze kwa maandishi anaikimbilia nini.

Huo ndio mlango aliokwenda kuugonga Bi Mwanamvua.

Bi Mwanamvua alikuwa kungwi. Kwa asiyejua, kungwi ni yule mama anayemfunda mwali kabla ya kuolewa. Humweka ndani, akampa maneno ambayo mama mzazi huona haya kuyasema, na siku ya arusi humshika mkono mpaka chumbani kwa mume. Mtaani kwake ndoa zilizodumu zote alizifunda yeye. Zile zilizovunjika alikuwa akipita karibu nazo na kusema kwa sauti, "Yule hakupita kwangu," wala hakujali nani anasikia.

Sasa aliyekuwa anaolewa ni Zawena, mtoto wa marehemu mdogo wake, Mwanahamisi. Mwanahamisi alipokuwa hoi kitandani alimshika dada yake mkono akamwambia, "Dada, usimwache mwanangu akaingia ndoani kama mtu aliyeokotwa njiani." Bi Mwanamvua akaapa pale pale. Mtoto wakati huo hajui hata kufunga kanga.

Mtoto akakua, akasomea uuguzi, akaenda Utulivuni. Tusije tukasingiziwa kwamba aliingia kwa ujanja. Waliomba wenyewe wapelekewe wauguzi, kwa kuwa wazee wao wameishi mno na watoto wa wazee hao wana shughuli. Kwa anayekwenda kumwogesha mzee wao, ule mlango hufunguka wenyewe bila kelele. Sharti lilikuwa moja tu: asitoke nje ya mipaka mpaka kibali chake cha kudumu kikamilike, akitoka amejifuta. Na kibali kilikuwa karibu kukamilika tangu alipofika. Basi akampata kijana wa kwetu aliyeko huko huko, Haruni, fundi wa lifti, wakapanga arusi yao iwe huko huko.

Akapiga simu. "Mamkubwa, bila wewe mimi siingii ndani. Wageni watakula pilau yao warudi makwao."

"Koma! Usinene hivyo," akasema Bi Mwanamvua. "Nakuja, mwanangu. Hata kwa kutambaa, nakuja."

* * *

Ubalozi wa Utulivuni una ukumbi mzuri sana wa kusubiria. Una ubaridi wa kutosha kumzoesha mwombaji hali ya hewa asiyokwenda kuiona. Nyuma ya kioo alikaa Madamu Helgrit, Afisa wa Viza, mwanamke mrefu, shingo imenyooka, aliyejifunza Kiswahili chuoni kwao. Kilikuwa Kiswahili safi kama sahani isiyowahi kuliwa.

"Habari za asubuhi, mwombaji. Tafadhali nijulishe dhumuni la safari yako."

"Naenda kumfunda mwanangu. Anaolewa."

"Kumfunda ni kumfanya nini?"

"Kumfunda ni kumfunda, mama."

Madamu Helgrit akafungua Mwongozo. "Maarifa yote yanayoingia Utulivuni sharti yatajwe, yakaguliwe na kuhifadhiwa katika kumbukumbu za dola. Tafadhali taja maarifa hayo, moja baada ya jingine."

Bi Mwanamvua akageuka nyuma. Foleni nzima ilikuwa imetega masikio, wakiwemo wanaume wazima na sheikh mmoja.

"Hapa? Mbele za watu?"

"Unaruhusiwa kunong'ona. Kipaza sauti kitasikia."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akamvuta kanga. "Mama, sema unakwenda kutalii, yaishe."

"Nianze kwa uongo?" Bi Mwanamvua akamjibu. "Halafu nikifika nikamwambie mtoto asimdanganye mumewe? Hebu niache." Akarudi kwa Madamu Helgrit, akasogeza uso kwenye kioo. "Mwanangu, wewe ulipopevuka, walikuweka ndani? Walikucheza ngoma ya mwali?"

"Sisi tulipewa kijitabu."

"Basi siwezi kukwambia. Si kwa ubaya. Mambo haya haambiwi mtu aliyesimama nje, hata akiwa mfalme. Anayetaka kuyajua aje achezwe."

Madamu Helgrit akaandika kwenye mashine yake: Mwombaji ana maarifa. Mwombaji amekataa kuyataja. Taa nyekundu ikawaka juu ya dirisha, na wale waliokuwa nyuma ya Bi Mwanamvua wakarudi nyuma zaidi, wasije wakaonekana ni ndugu zake.

* * *

Aliposhindwa huko akaenda kwa serikali yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa bado anaamini kwamba anayo. Naibu Waziri wa Majirani na Walio Mbali alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha kwenye sofa, akasimama yeye ili ahutubie vizuri.

"Mama yangu mpendwa," akasema, "kunyimwa viza ni hatua. Huwezi kunyimwa na mtu asiyekujua! Kwa kukunyima, Utulivuni wamekutambua. Mimi mwenyewe wameninyima tangu nikiwa mkurugenzi, na kila wanaponinyima uhusiano wetu unazidi kuimarika. Mwezi uliopita tumetiliana saini nao mkataba wa kupokea majibu ya hapana kwa njia ya kisasa. Kwa hiyo nakusihi kwa jina la taifa, hizo siri zako wape. Taifa hili halina siri kwa wafadhili wake."

"Haina neno, mheshimiwa," akasema Bi Mwanamvua. "Tangulia wewe. Waambie uliyofundwa jandoni, nami nitafuata."

Naibu Waziri akaangalia dari kwa makini, kama anayekagua rangi. Kisha akakumbuka ana kikao.

Bi Mwanamvua akatoka amekunja uso. Tangu kesho yake akawa anakwenda ubalozini asubuhi, anatandika mkeka wake nje ya lango, anakaa. Askari wakimwuliza anasubiri nini, anawajibu, "Nasubiri mtu wa kuchezwa." Wakimwambia hairuhusiwi kukaa, anasimama, na wakiondoka anakaa. Watu wa mtaani wakaanza kupita makusudi kumsalimia, na wengine wakaleta mikeka yao.

* * *

Mheshimiwa Balozi Ungmar alikuwa mtu wa kanuni. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka bila kibali. Siku ile mikeka ilipofika kwenye kibaraza cha ubalozi, aliwaita wafanyakazi wake wote akasimama mbele ya picha ya bendera.

"Utulivuni imepima uzito wa mwezi," akasema. "Utulivuni imehesabu mapigo ya moyo wa nyuki. Hivi sasa ninapozungumza, Utulivuni inajua kila mmoja wenu alikula nini jana. Je, itashindwa na bibi mwenye mkeka? Mwongozo uko wazi. Maarifa yasiyotajika yatahakikiwa kwa ukaguzi wa vitendo. Madamu Helgrit, utakwenda, utayakagua hayo mambo, utarudi, utaandika."

Madamu Helgrit akafika kwa Bi Mwanamvua amevaa kofia ya usalama, kinasa sauti kifuani, kalamu tatu mfukoni. Makungwi wenziwe Bi Mwanamvua walikuwa wamekwisha kununa tangu asubuhi. Mmoja wao, Bi Kijakazi, mpiga ngoma, alikataa hata kuitikia salamu.

"Mwanamvua, umerukwa na akili? Utamcheza mtu wa serikali?"

"Namcheza mwanamke," akasema Bi Mwanamvua. "Serikali yake ataiacha hapo nje pamoja na viatu."

Na kweli aliiacha. Kofia ikavuliwa, kinasa sauti kikawekwa juu ya kichanja cha vyombo, kalamu wakapewa watoto wakachoree ukutani. Madamu Helgrit akatazama huku na huku chumbani.

"Samahani, je, kuna kiti?"

"Wenzako umewaona na viti?" akasema Bi Mwanamvua. "Kaa chini."

Mlango ukafungwa. Kilichofanyika humo ndani msimulizi hakijui, na kama angekijua angeyameza maneno yake. Majirani walichosikia ni ngoma, nyimbo, na vicheko vya akina mama wanavyovijua. Kisha siku moja wakasikia kicheko kigeni, kirefu, kinachokwama na kuanza tena, kama bomba lililokaa miaka bila maji. Baada ya kicheko hicho kilifuata kilio, na baada ya kilio uji ukapelekwa ndani.

Madamu Helgrit alimwambia Bi Mwanamvua jambo moja tu linaloweza kuandikwa hapa. Alimwambia hivi: "Asubuhi ya arusi yangu, mama yangu alikuja chumbani. Nilidhani ana neno la kuniambia. Aliniuliza kama nimefunga madirisha."

Bi Mwanamvua akamwonea huruma, huruma ya kweli. Alikuwa amejiandaa kumkomoa mtu, na sasa alikuwa na mwali mwingine mbele yake, mwali wa makamo, aliyeachika tayari, asiye na mtu. Akamsogelea akamfunga kanga upya, maana ilikuwa inamdondoka.

* * *

Ripoti ya Madamu Helgrit ilifika mezani kwa Balozi ikiwa na mstari mmoja: Nimekagua. Ni salama. Yaliyomo hayasemeki.

"Hayasemeki kwa kiasi gani?" akauliza Balozi. "Nipe asilimia."

"Mheshimiwa, nimeapa kutosema."

"Uliapa kwanza kwa Utulivuni!"

"Kwa Utulivuni niliapa nikiwa nimesimama," akasema Madamu Helgrit. "Hapa nimeapa nimekaa chini, na wenzangu wamenishika mabega."

Balozi hakuelewa tofauti, na pengine si kosa lake. Akamtuma Madamu Brunka, mkuu wa usalama, mwanamke aliyesomea namna ya kulifanya jiwe likiri. Madamu Brunka akaenda na uso wa chuma. Akarudi amejifunga kanga kiunoni, ripoti yake ina mstari ule ule mmoja, na chini yake ombi la likizo ili akamwone mama yake. Akatumwa mhasibu ili kumkagua Madamu Brunka. Akatumwa mpishi ili kumkagua mhasibu. Kila aliyekwenda alirudi mzima, mchangamfu, mtiifu kwa kila amri isipokuwa ile moja, na baada ya muda ubalozi mzima ukawa hauna mwanamke wa kutuma.

Kazi ziliendelea kama kawaida. Tatizo lilikuwa ukumbini. Balozi akipita, wanawake walitazamana, kisha mmoja akacheka puani na wengine wakaangalia sakafu. Balozi aliacha kupita ukumbini, akawa anapita bustanini. Alijaribu kutoa waraka wa kupiga marufuku kutazamana, lakini aliyetakiwa kuupiga chapa alikuwa mwanamke, naye aliusoma akamtazama mwenzake.

Mwisho ikawa nyumbani kwake. Mkewe Balozi hakutumwa na mtu. Alikwenda mwenyewe kwa miguu yake, amebeba sukari na kanga mbili kama alivyoambiwa ndiyo desturi. Siku aliyorudi, Balozi alikaa naye mezani kwa chai ya asubuhi, akamwuliza kwa upole mkubwa, sauti ambayo hajaitumia tangu achumbie, "Mke wangu, kwani huko wanasema nini?"

Mkewe akapaka siagi kwenye mkate, akatabasamu, akampa ule mkate.

Siku hiyo hiyo Balozi akatoa uamuzi.

* * *

Uamuzi ulisomwa hadharani kwa sababu Balozi alitaka ijulikane kwamba Utulivuni ina moyo. Bi Mwanamvua alipewa kile kilichoitwa Viza ya Mwili. Yeye mwenyewe, yaani mikono, miguu, kichwa na nguo, alikuwa huru kuingia Utulivuni na kuhudhuria arusi. Maarifa yake hayakuruhusiwa. Angetia sahihi kwamba tangu atue mpaka aondoke hatasema lolote kwa bibi arusi lisiloweza kusemwa mbele ya afisa wa kiume, na afisa huyo, kwa gharama ya dola, angeketi nao chumbani akiwa na kiti chake.

Arusi ilikuwa imekaribia mno. Bi Mwanamvua akapiga simu pale pale, mbele ya kioo, akamweleza Zawena kila kitu.

Zawena akalia. "Mamkubwa, tia sahihi. Njoo tu. Kaa kimya, mimi nikuangalie tu uso, inanitosha."

Bi Mwanamvua akaishika kalamu. Semeni mtakavyo, lakini mama huyu alitaka kutia sahihi. Aliitaka hiyo safari kuliko alivyopata kutaka kitu. Alikuwa ameshashona gauni, ameshasaga na dalia ya kumpaka mwali, na kila akifumba macho alimwona mtoto amekaa peke yake kitandani katika nchi ya watu, amevaa nguo nyeupe, hajui atazame wapi. Watu kwenye foleni waliacha kukohoa.

Kisha akaiweka kalamu.

"Mwanangu," akasema kwenye simu, "nikija nikakaa kimya na dume limetukodolea macho, mama yako ataniuliza nini? Ataniuliza nilikwenda kula pilau? Wewe unataka kungwi. Sanamu ya mamkubwa wako haina kazi kwako."

"Basi nitakuwa peke yangu!"

"Sijasema hivyo. Futa machozi. Sijasema hivyo hata kidogo."

Alisema kwa sauti ya kujiamini, ingawa wakati huo hakuwa na hata wazo moja. Akakata simu, akaisukuma karatasi chini ya kioo mpaka ikamgusa Madamu Helgrit vidole.

"Mwambieni Balozi wenu mwili wangu na nilichonacho haviachani. Kama havitakikani pamoja, basi na mwili wabaki wanautamani tu."

Ukumbi ukapiga vigelegele. Askari wakakimbilia huku na huku wakitafuta kengele ya hatari. Nyuma ya kioo, Madamu Helgrit alipewa amri ya kugonga muhuri wa kukataa, na aliugonga, kwa kuwa ilikuwa kazi yake ya mwisho siku hiyo. Aliugonga midomo ikimcheza.

Bi Mwanamvua alitoka pale kichwa juu. Alipofika kwake alijifungia, akalia kwa hasira mpaka kichwa kikamuuma. Aliwaonea uchungu Mwanahamisi na mtoto wake, na aliwachukia wale watu wa kioo kwa moyo wake wote, wala hakujaribu kuficha.

* * *

Kosa lazima liwe na mkosaji, na Balozi alimpata mkosaji wake. Madamu Helgrit aliandikiwa barua ya kurudishwa kwao, sababu ikiwa kuambukizwa. Kwenye uchunguzi wa madaktari hakuonekana na ugonjwa, na hilo likathibitisha kwamba ni ugonjwa wa siri.

Alikuja kuaga jioni, begi mkononi. Alikuta akina mama wamekaa kimya, ngoma imelazwa ubavu, na Bi Mwanamvua macho yamemvimba.

"Nimekuja kuomba radhi, mama," akasema. "Muhuri niliugonga mimi."

"Wewe ulitumwa." Bi Mwanamvua hakuinua macho. "Unakwenda wapi na begi?"

"Nyumbani. Wamenirudisha Utulivuni. Naondoka asubuhi."

Bi Mwanamvua akainua macho sasa. Akamtazama yule mwanamke mrefu kuanzia kidole cha mguu, taratibu, kama anayemwona leo. Bi Kijakazi naye akaacha kutafuna tambuu. Kisha akanyanyuka na kwenda kukomea mlango.

"Kaa chini," akasema Bi Mwanamvua.

Madamu Helgrit akakaa chini, hakuuliza kiti.

"Nina mtoto huko kwenu. Mama yake amekufa, na mimi wamenizuia. Ulichopewa humu ndani unacho?"

"Ninacho chote."

"Utaweza kumpa mwenzako?"

Madamu Helgrit akalivuta begi lake karibu. Alikuwa na pensheni yake ya kuiogopea, na nchi yake, na Balozi aliyekwisha kumwandika vibaya. "Nitakosea," akasema mwishowe. "Nyimbo nitazikosea, mama. Sauti sina."

"Utakosea, ndiyo. Mwali wangu wa kwanza nilimkosea mpaka akanicheka. Zikikupotea, anza upya. Ila siku yenyewe mshike mkono, usimwachie mpaka mlangoni. Hilo usilikosee."

Bi Kijakazi, yule aliyekataa kuitikia salamu, akaiinua ngoma yake, akaipasha kidogo juu ya makaa, akaanza kupiga pole pole. Wakarudia yote, tangu mwanzo.

* * *

Siku ya arusi Bi Mwanamvua hakula. Wenziwe walikuja wakakaa naye, wakamzunguka, simu imewekwa juu ya mto katikati yao kama mgonjwa. Kila mmoja aliisogeza kidogo kutafuta mtandao, na kila ilipolia ilikuwa kampuni ya simu inawatangazia zawadi. Bi Mwanamvua alikuwa amevaa lile gauni alilolishona kwa ajili ya safari. Alisema hawezi kulivaa siku nyingine yoyote.

Ilipolia kweli, aliipokea kwa mikono miwili.

"Mamkubwa!" Zawena alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Mamkubwa, kaja mtu wako! Yule mrefu! Nilipofungua mlango nikajua nimekamatwa, nikamwambia karatasi zangu zote ziko sawa. Akaniambia, 'Nimetumwa na mamkubwa wako. Kaa chini.'"

Akina mama wakapiga vigelegele hadi simu ikaanza kukoroma. Bi Mwanamvua akawanyamazisha kwa mkono.

"Halafu?"

"Halafu kawatoa wanaume wote nje. Serikali ilileta afisa wa kukagua arusi, naye kamtoa, kamkabidhi viatu vyake barazani. Akafunga mlango. Mamkubwa, ile sauti yake! Mbuzi ana nafuu!"

"Alikosea?"

"Alikosea. Akasema ngoja, akaanza upya. Lakini maneno yote yalikuwa yako, mamkubwa. Hata pale unapoguna kidogo kabla ya kusema, naye anaguna. Nilikusikia wewe. Kanishika mkono mpaka mlangoni, kanibana mpaka vidole vimekufa ganzi, na alikuwa analia kuliko mimi."

Bi Mwanamvua akaikaza simu mikononi. Alifurahi mpaka akasikia maumivu kifuani, na ndani ya hiyo furaha mlikuwa na hasira yake nzima, haijapungua hata punje.

"Mkono ule ulitakiwa uwe wangu," akasema. "Nisikilize, Zawena. Nimefurahi, na mama yako huko aliko amefurahi. Lakini mkono ule ulitakiwa uwe wangu, na hilo siwasamehe. Ukizaa, nitakuja tena hapo kwao na mkeka wangu. Wataniona mpaka wachoke."

"Njoo, mamkubwa."

"Nitakuja." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza jambo lililokuwa linamsumbua tangu yule mwanamke aondoke. "Hivi pale mpakani kwao, pamoja na kuandikwa vibaya kote kule, walimfanya nini? Walimpekua? Walimwuliza amebeba nini?"

"Hapana, mamkubwa," akasema Zawena. "Aliwaonyesha pasi yake tu. Wakamwambia karibu nyumbani."